Njia Bila Magari ya Mashambani Ufaransa: Ilijengwa kwa Ajili ya Nani?

Kwenye ramani na vitabu vya utalii vya Ufaransa kuna maneno mawili yanayouza sana: "bila magari". Wanakuonyesha picha ya baba, mama na watoto wawili juu ya kinga (wengine munasema baiskeli), mizabibu upande huu, maji upande ule, barabara laini sawa meza, na hakuna lori hata moja. Kila mwaka Waholanzi, Wajerumani, Waingereza na Wafaransa wenyewe wanafunga mifuko yao nyuma ya kinga na kupita mashambani wiki nzima. Ndugu na dada wa chama walioko kule wanajua ninaongea juu ya nini. Kwa ninyi ambao hamujaona: hii si bongo. Hizo njia ziko, ni nzuri, na mimi nazipenda. Njo maana ninataka tuzisome vizuri, sawa vile tunasoma kitabu cha mtu tunayemheshimu: wapi ameandika vizuri, wapi ametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na alikuwa anamwandikia nani.

Kwanza tutenganishe maneno mawili, juu wauzaji wa safari wanapenda kuyachanganya.

Kuna "voie verte", njia ya kijani. Hii iko ndani ya sheria ya barabara ya Ufaransa tangu amri ya tarehe 16 Septemba 2004: ni njia iliyotengwa kwa watu wa miguu, wapanda farasi, na vyombo visivyo na mota. (Kinga ya umeme ile ya kusaidia kukanyaga inapita, sheria inaihesabu kuwa kinga.) Alama yake ni kibao cha buluu chenye watu wa miguu na kinga. Halafu kuna "véloroute". Ile ni safari ndefu iliyowekewa vibao, kilometa mia ao elfu, na ndani yake wanachanganya kila kitu: kipande cha njia ya kijani, kipande cha kando ya mto, kipande cha barabara ndogo ya kijiji ambako trakta na gari la posta zinapita kama kawaida. Mtu akinunua véloroute akifikiri amenunua njia ya kijani, siku ya tatu atakutana na lori ya ngano uso kwa uso, na watoto wake wako nyuma. Lori haina kosa. Lori iko kwake.

Sasa, hizi njia za kijani zilitoka wapi? Nyingi kati ya zile nzuri ni maiti ya reli. Mwaka 1878 waziri wa kazi za umma, Charles de Freycinet, alitangaza mpango wa kupeleka treni mpaka kwenye miji midogo ya mashambani, na sheria ya Julai 1879 ikaandika maelfu ya kilometa za reli mpya. Wakati ule mji usio na reli ulijiona umesahauliwa na Leta. Wakakata vilima, wakajaza mabonde, wakajenga madaraja ya mawe na vituo vidogo vyenye saa ukutani. Baadaye lori na basi zikaja, reli za mashambani zikaanza kukosa falanga. SNCF ilizaliwa mwaka 1938, na mara moja ikaanza kuondoa treni za abiria kwenye reli nyingi za vijijini. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi kiisha vita. Chuma kiking'olewa, kinachobaki ni kitanda cha mawe, kirefu, chembamba, kimeota miiba.

Treni haipendi mlima. Siri yote iko hapo. Reli ya kawaida mara chache inapanda zaidi ya meta tatu kwa kila meta mia, na haikati kona kali. Ukitandaza lami juu ya kitanda chake unapata barabara ambayo hata bibi wa miaka sabini anaipita bila kuhema. Hakuna ofisi ya utalii leo ambayo ingepewa makuta ya kukata vilima vile kwa ajili ya watu wa konje. Ilifanywa na vibarua wa karne ya 19, kwa sururu na beleshi, kwa sababu nyingine kabisa.

Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997 huko Bourgogne, katika jimbo la Saône-et-Loire, kutoka Givry mpaka Cluny, kilometa 44. Ikiwa una nafasi ya kupanda moja tu katika maisha yako, panda hii. Inapita Buxy, inapita Saint-Gengoux-le-National, inapita Cormatin penye nyumba yake kubwa ya mabwana wa zamani, inapita chini ya kilima cha Taizé, ambako Frère Roger alifika mwaka 1940 na kuanzisha jumuiya yake (wengi wenu muliimba nyimbo zao parokiani bila kujua kijiji ni kidogo vile). Halafu inaingia Cluny, mji wa abasia iliyoanzishwa mwaka 910.

Uzuri wake uko wapi? Haina haraka ya kukuonyesha kitu. Mizabibu kwanza, halafu malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais, halafu bonde la mto Grosne. Na kuna jambo ambalo vitabu vya utalii havisemi: reli ilipita nyuma ya vijiji, haikupita mbele. Kwa hiyo unaiona Ufaransa mgongoni. Bustani za mboga, nguo kwenye kamba, mbwa aliyefungwa anayebweka kila siku kwa watu wale wale, kuni zilizopangwa kwa ajili ya baridi. Barabara ya gari inakuonyesha uso wa kijiji uliopakwa poda. Hii inakupitisha jikoni. Hakuna mchoraji wa ramani aliyepanga vile, ni zawadi ya treni tu.

Kusini ya Cluny, kuelekea Mâcon, kuna tuneli ya Bois Clair. Karibu meta 1,600 ndani ya mlima, taa hafifu, baridi hata mwezi wa saba, sauti ya tairi yako inakurudilia masikioni. Wasafiri wote wanaisifu, na wako na haki. Lakini miezi ya baridi inafungwa, juu popo wanalala mule ndani. Mpanda kinga anatumwa juu, kupitia mlima. Kuna watu wanalalamika: popo amepewa heshima kuliko mtu! Mimi simo katika malalamiko hayo, popo walale. Swali langu ni lingine. Namna gani njia inaweza kufungwa miezi na miezi na kelele isisikike? Ni kwa sababu wakati wa kuipanga hakuna aliyefikiri sana juu ya mtu wa pale anayeipita mwezi wa kwanza, saa kumi na mbili ya asubuhi, anakwenda kazini. Jaribu kufunga barabara ya gari kwa muda huo. Meya hatalala.

Hapo njo penye ugomvi wangu na hizi njia. Reli ya zamani ilikuwa ya mtu wa kijiji. Ilimpeleka sokoni, kiwandani, hospitali, jeshini, ilimrudisha na barua na magazeti. Njia ya kijani imerithi mwili wa reli, lakini kazi yake haikuirithi. Huko Cluny hali hii inaonekana wazi mpaka inauma. Reli ya TGV ya Paris na Lyon, ile iliyofunguliwa mwaka 1981, inapita karibu kabisa na mji. Unasikia mvumo, umekwisha. Haisimami pale, kituo chake kiko Mâcon-Loché. Kijana wa Cluny anaona treni ya mbio inapita mbele ya macho yake, na reli ya babu yake imekuwa mahali pa watu wa mbali kunyoosha miguu. Basi iko, ndiyo. Lakini basi inajipanga na saa yake, na mwenye shida anajipanga na basi.

Nisieleweke vibaya. Njia ya kijani haikuua treni. Treni ilikuwa imekufa zamani, na kama lami isingetandazwa, kile kitanda kingeuzwa vipande vipande kwa wenye mashamba na kisingerudi tena. Njia imelinda ardhi. Hiyo ni sifa kubwa, kubwa kuliko kuvuta watalii, na ni ajabu kwamba matangazo hayaitaji hata kidogo.

Sisi ambao tumezoea kuona kinga imebeba makala, ndizi, madumu ya mafuta, mgonjwa, tunaangalia hizi njia na jicho lingine. Kwetu hakuna mtu anayeuliza kinga ni ya nini. Kule wamejenga barabara nzuri ya kinga, halafu wakaiandika kwenye karatasi ya utalii kwanza, kabla ya karatasi ya usafiri. Na kila kitu kinatokea pale: wapi inaanza, wapi inaishia, nani anaitengeneza, nani anaamka kuifagia majani.

Angalia makutano. Treni ilipokuwa hai, mahali reli ilipokata barabara palikuwa na nyumba ndogo ya mlinzi wa geti, mara nyingi mwanamke anayeishi mule na watoto wake. Treni ikija, mama anafunga geti, na wote wanasubiri, hata tajiri mwenye gari. Zile nyumba ndogo ziko mpaka leo, zimepakwa rangi, zina maua dirishani, watu wanapiga picha. Lakini mpango umepinduka. Leo mara nyingi ni mpanda kinga anayesimama. Anakuta kibao cha kumsimamisha, anakuta vyuma viwili vilivyopishana, anashuka, anasukuma, anaangalia kushoto na kulia, gari linapita bila kupunguza mwendo. Mbele kidogo, tena. Vile vyuma viliwekwa kuzuia pikipiki. Pikipiki ya kijana mwenye akili inapata njia ya kupenya. Anayekwama ni familia inayovuta kigari cha mtoto, ni kinga ya watu wawili, ni mwenye kiti cha magurudumu, ambaye kwa kweli ndiye angehitaji lami hii kuliko sisi wote. Njia "bila magari" inapiga magoti mbele ya kila gari inalokutana nalo! Treni haikufanya vile.

Kuna mahali walifikiri zaidi. Karibu na Bordeaux kuna njia ya Roger Lapébie, imepewa jina la mshindi wa Tour de France ya mwaka 1937. Inaenda mpaka Sauveterre-de-Guyenne, zaidi ya kilometa 50, juu ya reli ya zamani ya eneo la Entre-deux-Mers. Nguvu yake ni kwamba inaanzia mlangoni pa mji mkubwa, haikungojei porini. Kwa hiyo upande wa mji unakutana na mwalimu, na mfanyakazi, na mzee mwenye mkate chini ya mkono, na Jumapili familia za mji zinatoka bila kutafuta gari. Créon, kituo cha zamani kimekuwa nyumba ya kinga, unaweza kukodisha pale na kuuliza njia. Kama mandhari, haishindi Cluny. Kama barabara, inashinda.

Tuje sasa kwa maarufu kuliko zote, na hapa sitakuwa na huruma: Canal du Midi. Pierre-Paul Riquet alianza kuichimba mwaka 1666, akafa 1680, ikafunguliwa 1681. Kilometa 240 kutoka Toulouse mpaka ziwa la Thau, karibu na bahari. UNESCO iliiandika mwaka 1996. Kando yake kuna njia ya farasi waliovuta mashua, na hiyo njo wanauza kwa wapanda kinga. Kutoka Toulouse ni raha: lami safi karibu kilometa 50, milango ya maji, mashua, bata. Unafika mpaka wa jimbo, unaingia Aude, na lami inakuaga. Mizizi, mawe, mfereji wa tairi moja ambako watu wawili hawapishani, na mvua ikinyesha ni matope ya kweli. Vipande vimetengenezwa hapa na pale, lakini mtu aliyeona picha akaleta kinga nyembamba na mtoto nyuma atalia.

Maji ni yale yale, Riquet ni yule yule, kibao cha UNESCO ni kile kile. Kilichobadilika ni ofisi. Canal ni mali ya Leta, inasimamiwa na shirika la Voies navigables de France, ambalo kazi yake ni maji na mashua. Kutandaza lami na kuitunza ni jambo la jimbo na la vijiji, kila mmoja na mfuko wake, kila mmoja na uchaguzi wake. Jimbo moja lilitaka, jirani alisita. Mgongo wa mpanda kinga njo unalipa.

Na kivuli? Canal du Midi ilijulikana kwa miti yake ya platani, kama 42,000, imesimama mistari miwili, matawi yamekutana juu ya maji. Mwaka 2006 ugonjwa wa ukungu uligunduliwa kwenye miti ile. Inasemwa ulifika Ufaransa na masanduku ya mbao ya jeshi la Marekani wakati wa vita ya pili. Hauna dawa. Mti mmoja ukishikwa, unakatwa na kuchomwa, na jirani zake pia. Wanapanda miti mingine, lakini mti wa miaka kumi haufuniki mtu. Sehemu nyingi kivuli kimeondoka, na jua la Languedoc la mwezi wa nane si la kucheza nalo. Picha za matangazo, zenyewe, hazijaondoka. Hapo sasa naita kudanganya.

Nikienda haraka kwa Bretagne: canal ya Nantes mpaka Brest, kilometa 364, ilianzishwa siku za Napoleon ili meli zisipite mbele ya Waingereza. Njia yake ya farasi ni tulivu mno, sehemu kubwa hakuna gari kweli, kokoto zimeshindiliwa vizuri. Katikati kuna ziwa la Guerlédan, ambako bwawa la umeme la mwaka 1930 lilifunika canal na milango yake, na hapo lazima uzunguke. Ukitaka kimya, nenda kule. Ukitaka mtu wa kuongea naye, beba mtu.

Loire à Vélo inasifiwa kuwa mama wa zote. Karibu kilometa 900, kutoka Cuffy mpaka Saint-Brevin-les-Pins penye bahari, Chambord, Amboise, Villandry, mizabibu ya Saumur. Wenye kupenda usafi wa "bila magari" wanaikasirikia, juu vipande vingi ni barabara ndogo na kuta za udongo zilizojengwa tangu zamani kuzuia mafuriko, na gari linaruhusiwa mule. Mimi ninaitetea. Juu inatumia barabara za watu, inapita mbele ya kanisa, mbele ya mkate, mbele ya baa ambako wazee wanacheza karata. Njia ya kijani ya reli inakufikisha kwenye kituo cha zamani, na kituo mara nyingi kilijengwa mbali na kijiji. Unapita, hushuki, hununui, humsalimu mtu. Wametengeneza alama ya "Accueil Vélo" kwa hoteli na nyumba zilizo chini ya kilometa 5 kutoka njia, ni jambo jema, lakini kilometa 5 za jioni na mifuko mizito si mchezo, na mara nyingi hizo kilometa 5 unazifanya kwenye barabara yenye magari. Kwa hiyo nikipewa kuchagua kati ya njia safi isiyogusa mtu na njia yenye trakta mbili kwa saa inayopita ndani ya maisha ya watu, ninachukua trakta. Lakini waandike "trakta" kwenye karatasi. Mzazi ana haki ya kujua kabla hajamweka mtoto barabarani.

Inabaki namna ya kufika. Treni za jimbo zinapokea kinga, lakini wakati wa konje nafasi zinajaa upesi. TGV ina nafasi chache, na unalipa. Mwaka 2021 Leta ilitoa amri kwamba treni mpya na zile zinazotengenezwa upya ziwe na nafasi za kinga, lakini treni haizaliwi kwa siku moja. Basi familia inafanya hesabu, inafunga kinga nyuma ya gari. Jumapili ya mwezi wa tano, angalia uwanja wa vituo vya zamani vya njia ya Cluny, pale abiria waliposubiri treni na mizigo yao. Ni mahali pa kuegesha, na magari yamejaa.

Kwa wale ambao wako Lyon ao Dijon na hawana gari: mushuke Chalon-sur-Saône na treni ya TER, kuna njia ya kinga kutoka mjini mpaka Givry, halafu kilometa 44. Mulale Cluny. Asubuhi mupite tuneli, kama popo wameamka, na Mâcon munakuta treni ya kurudi.